Utazidi Kwanza

Ndala ya kwanza niliipoteza mchana kweupe, kati ya buchani na nyumbani, kwenye njia niliyoipita kila siku. Nilipofika mlangoni, jirani yangu aliyekuwa anachambua mchicha kibarazani akanitazama miguuni, akaangua kicheko.

"Mama, huo mguu mwingine umeufungisha mfungo?"

Nikatazama chini. Wa kushoto ulikuwa na ndala. Wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi jekundu, na kisigino kilikuwa kimechanwa na kokoto, kinatoka damu. Nilikuwa nimetembea hivyo robo saa nzima na mguu haukuniambia neno.

Nilicheka na mimi. Kisha nikarudi kuitafuta, nikaikuta karibu na mashine ya kusaga, nikaivaa, nikarudi nyumbani huku naitazama. Ndivyo nilivyogundua kwamba nisipoitazama siijui kama ipo.

Naandika haya miguu yangu yote miwili ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo asinihurumie mtu. Habari ya miguu yangu iliisha vizuri. Ninayotaka kuisimulia ni habari ya kigoda nilichokalia karibu miaka miwili nikipaka gundi, na ya mtu niliyemwambia akikalie baada yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mume wangu tulikuwa na karakana ndogo ya viatu Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Tulitoka Kilimanjaro kwa sababu ile ile iliyowatoa wenzetu waliofungua maduka, gereji na gesti katika mji ule: wageni. Tulitengeneza makubazi ya ngozi, yale yenye mikanda ya shanga, na maduka ya vinyago ya barabarani yaliyachukua kwa jozi kumi kumi. Mume wangu alikata ngozi na kupiga nyundo kibarazani, maana alipenda kuona watu na kuonekana. Mimi nilipaka gundi ndani.

Kazi ya gundi ni kazi ya kusubiri. Unaipaka kwenye soli, unaipaka kwenye ngozi, halafu unaacha vyote viwili vikauke hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole visikushike. Ndipo unabandika na kupiga nyundo. Ukiwahi haishiki, ukichelewa haishiki. Katika muda huo wa kusubiri soli ishirini ziko wazi mezani, na kila kinachopita hewani kinatua juu yake.

Na kilichopita hewani Karatu kilikuwa vumbi. Barabara haikuwa na lami bado. Mwezi wa saba na wa nane, ambayo ndiyo miezi ya wageni, ndiyo pia miezi ya upepo; gari moja la watalii likipita, vumbi lake linabaki juu mpaka lije la gari la pili. Ni vumbi laini, jekundu, linaingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa.

Siku moja dereva wa watalii alisimamisha gari mbele ya karakana, akashuka na kubazi moja mkononi. Mgeni wake alikuwa ameshuka garini kule chini kreta, mahali pa kulia chakula, akapiga hatua tatu na soli ikabaki nyuma. Dereva aliifungua mbele ya watu wote kibarazani kama mtu anayepasua andazi, na ndani ikaonekana tabaka la vumbi.

"Fundi," akasema, "hii umebandika kwa gundi au kwa ugali?"

Watu walicheka. Mume wangu hakula mchana ule. Kabla jua halijazama alikuwa ameliziba dirisha la upande wa barabara kwa gunia, akalipigilia misumari kumi na miwili, nami nikiwa nimemshikia gunia lisipinde. Ikawa sheria: gundi ikiwa mezani, mlango unafungwa. Ilikuwa akili yake, lakini niliisifu, na viatu havikufumuka tena.

Mtu pekee aliyeigomea sheria hiyo alikuwa mama mmoja wa Kimasai aliyetuletea mikanda ya shanga kutoka upande wa Ngorongoro. Hakukanyaga ndani hata mara moja. Alikaa nje juani, shuka limemfunika magoti, akataka mimi nitoke.

"Mimi siingii huko," aliniambia. "Hiyo harufu ni ya josho. Sisi ng'ombe tunamwogesha dawa nje kwenye upepo, na bado ndama tunamshika mdomo asilambe. Wewe unakaa ndani ya josho, unafunga mlango."

"Gundi haiui kupe, mama," nikamjibu.

Alicheka, mimi nikacheka, akakunja kitambaa chake cha shanga akaondoka. Mume wangu alisema watu wa porini hawajazoea vitu vya mjini. Alikuwa na dharau hiyo hiyo kwa wapiga katambuga wa mnadani, wale wanaokata viatu kwenye tairi la gari na kuvifunga kwa misumari, hewani, mvua na jua ni vyao. Kiatu cha msumari, alisema, ni cha kuchungia mbuzi.

Harufu ya gundi ile ilikuwa tamu. Saa ya kwanza inakukera, ya pili huisikii, na kufika saa kumi jioni unaipenda. Nilikuwa nikitoka mle nimechangamka, nacheka mambo yasiyochekesha, na mume wangu akaamini ndoa yetu imestawi. Asubuhi kichwa kilinigonga na chai ilinichefua. Mikono iliyoganda gundi niliisafisha kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha nikapika.

Sasa, mimi nilikuwa mtu wa kutekenyeka. Ukinigusa unyayo kwa jani tu napiga yowe la kuita majirani, na mume wangu aliitumia silaha hiyo kila nilipomnunia. Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nimejinyoosha mkekani namweleza habari ya maharage yaliyooza ghalani. Nikaendelea na maharage, nikayamaliza, nikaanza ya mahindi. Nilipomtazama nikamwona ameshika mguu wangu, ameduwaa.

"Umeninunia kiasi hicho?" akaniuliza.

Alikuwa amenitekenya muda wote ule. Alidhani nimekasirika hadi nimejizuia, na kwa siku mbili alinihudumia kama bibi harusi. Sikumrekebisha. Hilo lilikuwa mwezi mmoja kabla ya ndala.

Baada ya ndala mambo yalikwenda kwa mpangilio. Ganzi ilianzia vidole vya miguu, ikaja nyayo, ikaja vifundo, miguu yote miwili sawasawa, kama mtu anayepandisha soksi polepole. Kisha ncha za miguu zikakataa kunyanyuka. Nilijikwaa penye jiwe na pasipo na jiwe. Nikajifunza kutembea kwa kunyanyua magoti juu, na mguu ukishuka unapiga chini, pwaa. Vidole vya mikono vikaanza kushindwa na vifungo vya blauzi. Nilikonda, sketi nikazibana kwa pini.

Miaka ile mtu akikonda watu hawakuuliza anaumwa nini. Walishajua ni ukimwi. Jirani yangu wa mchicha aliacha kunitania, akaanza kunisalimia kwa upole na kuniletea uji, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama mkwe alipanda basi kutoka Kilimanjaro kuja kuniona. Ni mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, lakini kanisa lake lilikuwa na mlango wa nyuma. Akanipeleka kwa mganga upande wa Oldeani, mbele ya mashamba makubwa ya kahawa, kwenye njia mbovu iliyonirusha kitini safari nzima. Mganga alikaa na mgwisho wake wa mkia wa ng'ombe, akasema nimekanyaga kitu nilichotegewa mlangoni na mwenye wivu. Akanipa mizizi ya kulowekea miguu.

"Ugonjwa utazidi kwanza," akasema, "ndipo upungue. Ukiona unazidi, usishtuke."

Niliipima sentensi hiyo kwa akili ya mtu wa biashara. Ukipona, ni dawa yake. Ukizidiwa, pia ni dawa yake. Hakuna mahali pa kumshika. Nilifika nyumbani nikaimwaga mizizi yote kwenye migomba. Mama mkwe alipojua aliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa hali ya miguu yangu hakuwa amekosea sana.

Mwezi wa kumi na moja mume wangu akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Aliniuliza kuhusu kisukari, pombe, na kama nimewahi kunywa dawa za kifua kikuu. Akanipima damu kwa ule ugonjwa ambao mji mzima ulishanipima kwa macho; sikuwa nao. Kisha akanigonga magoti kwa kinyundo cha mpira, yakaruka kidogo. Akanigonga nyuma ya kifundo, kimya. Akaweka juu ya kidole gumba cha mguu kichuma kinachotetemeka.

"Unakihisi?"

"Nakiona," nikasema.

Akanitazama. Halafu akaukamata mkono wangu, akauinua usoni pake, akaunusa.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Nikamweleza. Akataka kujua chumba kina ukubwa gani, mlango unafungwa saa ngapi, dirisha liko wapi. Mume wangu alikuwa anatazama ukuta.

Daktari alituambia kwamba ndani ya gundi kuna kimiminika kinachoruka hewani, na kuruka kwake ndiko kunakoifanya ikauke. Ukikivuta kila siku kwa muda mrefu, mwili unakigeuza kuwa sumu, na sumu hiyo inashambulia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari na amri. Mshipa mrefu kuliko yote unatoka mgongoni, chini kiunoni, unashuka hadi kidole cha mguu. Uhai wake unatoka juu, unasafiri njia yote hiyo. Sumu inaiziba njia, na ncha ndiyo inayoanza kufa. Ndiyo maana miguu ilitangulia na mikono ikafuata.

Mimi nimekulia kwenye mfereji. Kwetu maji ya mlimani yanashuka kwa mfereji mmoja kutoka shamba hadi shamba, na mfereji ukiziba huko juu, wa kwanza kulia ni mwenye shamba la mwisho. Nilimwelewa daktari kuliko alivyodhani.

"Acha gundi leo," akasema. "Lakini nakuonya. Ugonjwa utazidi kwanza, ndipo upungue. Miezi miwili, mitatu, hata minne. Ukiona unazidi, usishtuke."

Hapo ndipo nilipoacha kumwelewa. Sentensi hiyo nilikuwa nimeshaisikia Oldeani, neno kwa neno, kutoka kwa mtu mwenye mkia wa ng'ombe mkononi. Nikajisemea moyoni: kumbe wote ni wale wale, huyu ana koti jeupe tu. Nilitoka pale nikijiona mwerevu. Sijawahi kuwa mjinga maishani mwangu kama siku ile.

Na mfereji ungenifundisha, laiti ningeufikiria hadi mwisho. Ukishazibuliwa juu, migomba ya chini haichipui siku hiyo hiyo. Inaendelea kunyauka kwanza, maana maji bado yako njiani.

Oda zilikuwapo, na gundi haijipaki. Kigoda changu kikachukuliwa na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa anaishi nasi tangu amalize kidato cha nne. Alikuwa na miaka ishirini na moja na miguu mizuri kuliko ya mtu yeyote niliyemjua, na sisemi ya kutazamwa tu. Kwaya ya kanisani kwetu iliingia ibadani kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, na yeye ndiye aliyetangulia. Wenzake walifuata miguu yake. Hata wazee wa kanisa waliokuwa wanalalamikia kucheza kanisani walikaa upande ambao wangemwona vizuri.

Mwanzoni mume wangu aliling'oa gunia, maana maneno ya daktari yalikuwa bado ya moto na mvua za vuli zilikuwa zimelilaza vumbi. Wifi akapaka gundi mlango wazi, anaimba. Januari mvua ikakatika, upepo ukarudi, na soli zikaanza kufumuka tena. Mimi nilikuwa kitandani. Nilikuwa nimezidiwa. Kusimama ni kwa fimbo, na kijiko kilinidondoka kabla hakijafika mdomoni.

Wifi alikuja kuniuliza mwenyewe. Namwona hadi leo, amesimama mlangoni mwa chumba changu, kopo la gundi mkononi.

"Wifi, kaka anataka kurudisha gunia. Lakini yule daktari si alisema ni gundi? Wewe unasemaje?"

"Daktari alisema," nikamjibu. "Sasa nitazame mimi. Gundi nimeiacha miezi miwili na ushee, na kila siku nazidiwa. Ingekuwa gundi si ningekuwa napona? Gundi haina neno. Zibeni dirisha mfanye kazi."

"Haya wifi. Pole," akasema, akaenda.

Baadaye nikasikia nyundo. Mume wangu angenisikiliza. Ningesema liacheni wazi, lingeachwa wazi, na nataka hilo lijulikane, kwa sababu yeye kwa miaka mingi amekubali kubeba lawama ambayo si yake.

Mwezi wa tatu, masika yanaanza, niliamka nyayo zinawaka kama nimekanyaga upupu. Nililia, nikadhani sasa nakufa. Kumbe ndiyo dalili ya kurudi. Mguu uliokuwa umenyamaza ulianza kusema, na neno la kwanza lilikuwa matusi. Wiki kadhaa baadaye niliiweka miguu kwenye beseni nikajua kwamba maji ni ya baridi, nikakaa na beseni lile asubuhi nzima. Mwezi wa sita nilitembea hadi buchani bila fimbo, na nilirudi na ndala zote mbili.

Mtu mwenye akili angekaa akafikiri. Daktari alisema utazidi, ukazidi. Alisema utapungua, umepungua. Mimi sikufikiri. Anayepona anashukuru, hachunguzi. Mama mkwe alidai ni mizizi yake, ingawa iliyoinywa ni migomba. Kanisani walidai ni maombi. Mimi nilidai ni ukaidi wangu. Daktari hakuna aliyemtaja, dirisha likabaki limezibwa, na msimu wa wageni ukaingia.

Jumapili moja ya mwezi wa nane nilikaa benchi la nyuma kanisani, kwaya ikaingia. Wifi yangu hakuwa mbele. Alikuwa safu ya mwisho, na alikuwa anatazama miguu yake. Mtu anayejua kucheza hatazami miguu. Halafu nikausikia ule mlio. Wenzake walikanyaga sakafu, yeye aliipiga, pwaa, nusu hatua nyuma ya wengine. Niliujua mlio huo vizuri. Nikajiambia ni viatu vipya. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka sadaka ikapita, na mpaka tukala, na wifi akaosha vyombo akavunja sahani mbili, nikamwambia awe mwangalifu.

Yaliyofuata baadaye nayataja hapa, maana siku yenyewe ndiyo ninayotaka kuishia nayo. Gunia liling'olewa na halikurudi. Tulihamishia gundi nje, nyuma ya nyumba, na mikanda mingi tukaanza kuishona kwa uzi na kuipiga misumari, kama wale wa katambuga. Wifi yangu alizidiwa kwa miezi minne, akalala kwenye kitanda kile kile nilicholala mimi, akahudumiwa na mimi. Kisha akaanza kurudi. Hakurudi kamili. Ameolewa, ana watoto, anapanda na kushuka milima, lakini ncha ya mguu wake wa kulia haikupona vizuri, na hata leo unamsikia kabla hujamwona. Kwenye kwaya anaimba amesimama pembeni. Lami ilikuja miaka michache baadaye, vumbi likapungua, na dirisha lile sasa linakaa wazi mwaka mzima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya ile ibada. Saa nne asubuhi nilipeleka chai karakana. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya barabara anaongea na dereva. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Kwenye ngazi ya kibaraza palikuwa na ndala moja ya bluu.

Niliitazama nikiwa nimesimama, chupa ya chai mkononi. Nilijua ya nani, na nilijua kila kitu kingine kwa mara moja, pamoja na maneno yangu mwenyewe niliyoyasema nimelala. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka. Nikainama, nikaiokota, nikasukuma mlango. Harufu tamu ikanipokea.

"Shikamoo wifi," akasema. Alikuwa kwenye kigoda, miguu chini ya meza, soli zimepangwa mbele yake.

"Marahaba. Umevaa nini miguuni?"

"Ndala."

"Zote mbili?"

"Zote mbili," akajibu bila kuinua macho, brashi inazunguka kwenye soli. "Kwani vipi?"

Nikaiweka ndala mezani, juu ya gundi mbichi. Aliitazama. Akainama kuchungulia chini ya meza, akabaki ameinama muda mrefu.

"Imetoka saa ngapi?" akaniuliza kutoka huko chini.

Nikamwambia atoke nje. Tulikaa kwenye ngazi, magari yanapita, vumbi linatuangukia, na mlango nyuma yetu nikauacha wazi. Nikamwambia ni gundi. Nikamwambia asiiguse tena, kwamba ugonjwa utazidi kwanza, labda miezi minne, na usimtishe, ndipo upungue.

"Mbona uliniambia gundi haina neno?"

"Nilikosea."

"Ulisema ingekuwa gundi ungekuwa unapona."

"Nilisema. Nilikosea, wifi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alinitazama kwa jicho lile lile nililomtazamia daktari, jicho la mtu anayetafuta mahali pa kumshika mwongo. Sikumlaumu. Neno langu nilikuwa nimelitumia vibaya mara moja, na kwa nini angeliamini mara ya pili? Sikuwa na ushahidi mwingine isipokuwa miguu. Nikavua kiatu, nikauweka mguu wangu mapajani mwake.

"Nitekenye."

"Wifi, watu wanatuona."

"Nitekenye!"

Akapitisha kidole kwenye unyayo wangu. Nilipiga yowe, nikautoa mguu kwa nguvu hadi nikamwaga chai, na mume wangu ng'ambo ya barabara akageuka. Dereva akacheka. Wifi na yeye akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mwaka jana ungenikwangua kwa kisu nisijue," nikamwambia. "Sasa tuone wewe."

Akaunyoosha ule mguu mtupu, akauweka mapajani mwangu. Nikaupangusa vumbi. Ulikuwa mguu wa msichana, una joto, hauna kovu. Nikamtekenya kwa kucha kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Nikarudia. Nikakaza kucha. Alikuwa ameung'ata mdomo wa chini, amejiandaa kucheka, macho ameyaelekeza barabarani ili asinione.

"Haya wifi," akasema, "anza basi."